Maikrofoni mbili, chumba kimoja: kwa nini jazi hii husikika tulivu

Ukimtumia mtu wa hapa Lubumbashi albamu ya jazi iliyorekodiwa kwa maikrofoni mbili, jibu linalorudi huwa karibu lile lile: sauti iko chini, wanamuziki wako mbali, halafu haina besi. Anayesema hivyo hana masikio mabaya. Sauti kweli iko chini, wanamuziki kweli wako mbali, na kwenye spika ya simu besi haipo kabisa. Upande wa pili kuna wapenzi wa vyombo vya gharama. Hao wakiona jaladani pameandikwa kwamba maikrofoni zilikuwa mbili tu, wanaanza kusifu kabla hawajabonyeza kitufe, kana kwamba kila maikrofoni inayopunguzwa inaongeza ukweli. Nao wamechanganya mambo.

Kilichochanganyika ni idadi ya maikrofoni, mahali zilipowekwa, chumba chenyewe, namna sauti ilivyobanwa au kuachwa huru baadaye, na muziki uliochaguliwa. Ukivitenganisha vyote hivyo, linabaki jambo moja ambalo wasikilizaji wengi hawalitilii maanani: upole wa albamu hizi hautokani na ladha ya wanamuziki peke yake. Maikrofoni chache huwabana wapige hivyo.

Nani anaamua nani asikike

Katika studio ya kawaida, iwe hapa mtaani Kamalondo, Kinshasa au Nairobi, mwimbaji anaingia peke yake kwenye kibanda, gitaa linapitishwa kwa waya, na ngoma zinatoka kwenye kompyuta au zinawekewa maikrofoni moja moja. Kila ala inakaa kwenye mstari wake. Wiki ijayo fundi anakaa na miksa, anampandisha huyu, anamshusha yule, na anaongeza mwangwi wa ukumbi ambao haujawahi kujengwa popote. Inawezekana kabisa mpiga besi na mwimbaji hawajawahi kuonana. Sidharau kazi hiyo. Sebene zinazotuinua vitini harusini zimepikwa hivyo hivyo.

Maikrofoni mbili zikisimama pamoja mbele ya bendi nzima, hakuna mistari ya kupandisha. Besi ikiwa dhaifu, huwezi kuiongeza bila kuongeza pia saksafoni, ngoma, kiti kinacholia na mtu aliyekohoa. Kwa hiyo uamuzi wote unafanyika kabla ya kurekodi, na unafanyika kwa miguu. Mpiga saksafoni anarudi nyuma hatua mbili. Besi kubwa ya kusimama inaletwa mbele. Kifuniko cha piano kinafunguliwa nusu. Chini ya ngoma linatandikwa zulia. Wanapiga dakika moja, wanasikiliza, wanasogea tena. Shughuli hiyo inaweza kumaliza asubuhi nzima kabla wimbo wa kwanza haujaanza.

Umbali una hesabu yake. Chombo kikisogezwa kutoka mita 2 hadi mita 1 mbele ya maikrofoni, sauti inayofika moja kwa moja inaongezeka desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Lakini sauti inayorudi kutoka ukutani, darini na sakafuni haibadiliki sana, kwa sababu hiyo imeshaenea chumba kizima. Hatua moja ya mguu basi inabadilisha mambo mawili kwa pamoja: nguvu ya ala na kiasi cha chumba kinachosikika pamoja nayo. Aliye karibu anasikika mkavu, na kila mguso wa kidole uko wazi. Aliye mbali anasikika amezungukwa na mwangwi. Masikio yamezoea kupima umbali hivyo tangu utotoni, ndiyo maana ukifumba macho unajua aliyekuita yuko barazani au yuko nje ya lango. Kwenye rekodi hizi kazi hiyo hiyo inakwambia ngoma ziko nyuma ya piano, na mpiga klarineti amesogea mbele kidogo zamu yake ilipofika.

Unaweza kulijaribu hili bila kununua chochote. Mwombe mpiga gitaa apige wimbo mmoja mara tatu, na urekodi kwa simu ukiwa sentimita 30 kutoka kwake, kisha mita 1, kisha mita 3. Ya kwanza itakupa kucha na nyuzi. Ya tatu itakupa kuta, pikipiki inayopita na kuku wa jirani. Ila simu nyingi zina tabia ya kujirekebisha zenyewe: zinapandisha sauti ndogo na kuikandamiza kubwa bila kukuuliza. Ukipata programu ya kurekodi inayokuruhusu kuizima tabia hiyo, izime, la sivyo utadhani umbali hauna athari yoyote.

Kwa nini wasiongeze maikrofoni ya besi tu, yaishe?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha ufundi wote huu. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Maikrofoni mbili zikiisikia besi ile ile, moja ikiwa sentimita 34 nyuma ya nyingine, tofauti yao ni milisekunde 1 hivi. Inaonekana si kitu. Lakini ukizichanganya kwenye mstari mmoja, mawimbi ya hezi 500, yaani mitetemo 500 kwa sekunde, yanakutana yakipingana na kufutana, yale ya 1,000 yanasaidiana, ya 1,500 yanafutana tena, na kuendelea hivyo hadi juu. Sauti inatoka na mashimo. Ala inasikika kama imefichwa ndani ya bomba. Kila maikrofoni unayoongeza kwenye chumba kimoja inasikia ala zote, si ile uliyoilenga tu, na kila moja inazisikia kwa kuchelewa kwake. Mafundi wa maikrofoni nyingi wanajua kuishi na tatizo hili: wanaweka kila maikrofoni karibu kabisa na ala yake, wanaweka vizuizi kati ya wanamuziki, au wanawatenga vyumbani. Wa maikrofoni mbili wanalikwepa tangu mwanzo.

Na zile mbili zenyewe, mbona hazifutani? Kwa sababu hazichanganywi. Moja inakwenda spika ya kushoto, nyingine ya kulia, na ubongo unasoma tofauti kati yao kama mahali. Aliyeliona hili mapema na kulifanyia kazi ni Alan Blumlein, mhandisi Mwingereza wa kampuni ya EMI. Inasimuliwa kwamba alichukizwa sinema na sauti ya mwigizaji iliyokuwa ikitoka upande mmoja ilhali mwenyewe yuko upande mwingine wa pazia. Desemba 1931 aliwasilisha ombi la hataza lililoeleza karibu kila kitu tunachokiita sterio leo. Mpango unaobeba jina lake unatumia maikrofoni mbili zinazosikia mbele na nyuma lakini si pembeni, zikiwa zimewekwa mahali pamoja na kukatana kwa pembe ya nyuzi 90. Kwa kuwa ziko pamoja, sauti inazifikia kwa wakati mmoja. Tofauti inayobaki ni ya nguvu tu. Blumlein alikufa Juni 1942 katika ajali ya ndege wakati wa kujaribu rada, na sterio ya nyumbani ilikuwa bado haijafika madukani.

Redio ya taifa ya Ufaransa, ORTF, ilikuja na mpango wake: maikrofoni mbili zilizoachana sentimita 17, karibu na umbali wa sikio hadi sikio, na kufunguka nyuzi 110. Hapo kuna tofauti ya nguvu na ya muda kidogo. Wengine wanaziachanisha zaidi na kutumia maikrofoni zinazosikia pande zote, ambazo hushika besi ya chini kabisa vizuri. Wengine tena wanatumia kichwa cha sanamu chenye maikrofoni masikioni, na rekodi hiyo inafaa spika za masikioni kuliko za sebuleni.

Tofauti hizi zinajibu lile lalamiko la besi kupotea. Spika ndogo ya Bluetooth, hata ikiwa imeandikwa maneno makubwa, mara nyingi inachanganya kushoto na kulia kuwa kitu kimoja. Rekodi ya Blumlein inavumilia kuchanganywa. Rekodi ya maikrofoni zilizoachana sana inaanza kujifuta yenyewe kwa hesabu ile ile ya mashimo niliyoitaja. Albamu haijaharibika, imelazwa kitanda kimoja ilhali iliandaliwa viwili. Ongeza kwamba kispika chenye upana wa kifuniko cha chupa hakiwezi kusukuma hewa ya besi ya kusimama hata kikiombwa vipi.

Kutoka Richmond hadi Jadotville

Kurekodi kwa sikio moja hakukubuniwa na wapenda anasa. Hadi mwaka 1925 studio karibu zote hazikuwa na maikrofoni. Wanamuziki walijipanga mbele ya pembe kubwa, nayo ilisukuma sindano moja kwa moja kwenye nta. Aprili 1923, bendi ya jazi ya King Oliver ilirekodi namna hiyo Richmond, Indiana. Katika bendi hiyo alikuwemo kijana Louis Armstrong, na Lil Hardin aliyekuwa akipiga piano alisimulia baadaye kwamba ilibidi Armstrong asimame mbali na wenzake kwa sababu korneti yake, ndugu ya tarumbeta, iliwameza. Ngoma kubwa zilipunguzwa au kuachwa, zisiirushe sindano. Tangu hapo mpangilio wa miguu ndiyo ilikuwa miksa. Armstrong huyo huyo alifika mjini kwetu Novemba 1960, mji ukiitwa bado Elisabethville na Katanga ikiwa chini ya Tshombe, na wakati huo hakukuwa na haja tena ya kumfukuzia ukutani.

Katanga ina ushahidi wake wa maikrofoni moja, nao ni mzuri kuliko mingi inayouzwa kwa bei mbaya Ulaya. Februari 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka kusini na katikati ya Afrika akirekodi muziki, alikuwa Jadotville, Likasi ya leo, kilomita kama 120 kutoka Lubumbashi. Alisafiri na mashine, jenereta na waya mrefu wa kuiweka jenereta isisikike. Maikrofoni aliishika mkononi na kuitumia kama mpiga picha anavyotumia kamera, akiielekeza alipotaka msikilizaji atazame. Hapo alimrekodi Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke akipiga «Masanga». Miaka miwili baadaye Tracey alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, na rekodi hizo bado zinatunzwa.

«Masanga» si jazi, na sina haja ya kuibatiza. Naitaja kwa sababu ya vidole. Isikilize ukifuata gumba peke yake: linashika nyuzi za chini, linatembea, haliharakishi. Kisha irudie ukifuata kidole cha shahada, kinachocheza juu ya mwendo huo kana kwamba kuna mpiga gitaa wa pili. Ni mono, njia moja ya sauti, hakuna kushoto wala kulia, na bado zinasikika sauti mbili zilizopishana vizuri. Fundi hakuzitenganisha. Uzito wa besi dhidi ya wepesi wa juu umepimwa na Mwenda mwenyewe, mkononi, kabla haujafika kwenye maikrofoni. Mpiga jazi anayeketi mbele ya maikrofoni mbili anatakiwa kufanya hivyo hivyo, ila na watu wengine wanne.

Wanaopiga karindula viwanjani mwetu wanaijua kazi hiyo bila kuambiwa. Lile banjo kubwa la pipa na ngozi lina sauti ya kumeza kila kitu, hivyo waimbaji wanasogea, wanapokezana, wanaacha nafasi. Ukirekodi kwa simu ukiwa umesimama mahali pazuri, unapata karibu kila kitu mahali pake. Ukisimama nyuma ya pipa, umepata pipa.

Upole unaotokana na masharti

Sasa jazi. Ngoma za jazi zikipigwa kwa vijiti na mtu mwenye hamu zinaweza kuifunika besi isiyo na amplifaya mara nyingi kupita kiasi. Fundi wa maikrofoni nyingi anashusha ngoma. Wa maikrofoni mbili anamwendea mpiga ngoma na kumwomba achukue brashi. Brashi zinafagia, hazipigi, na ghafla nyuzi za besi zinaonekana. Mpiga piano naye akishasikia kwamba besi iko pale, anapunguza mkono wa kushoto ili wasigombane. Mwimbaji hahitaji kupasua koo. Kiwango cha bendi nzima kinashuka hadi kwa yule mwenye sauti ndogo kuliko wote, kwa kuwa ndiye asiyeweza kuongezwa.

Chumba nacho kina amri zake. Mafundi hawa wanapenda makanisa na kumbi za mawe, mahali ambapo noti inaendelea kulia sekunde mbili au tatu baada ya kidole kuondoka. Piga haraka mle ndani na noti zinarundikana juu ya nyingine hadi hakuna kinachoeleweka. Atakayerekodi ndani ya kanisa kuu letu la matofali la Mtakatifu Petro na Paulo ataligundua hilo ndani ya dakika tano. Mwendo unapungua, nafasi kati ya noti zinapanuka, na msikilizaji anasema wanamuziki wametulia.

Halafu hakuna kutengeneza. Mpiga besi akikosea, huwezi kumwita kesho arudie sehemu yake, kwa sababu sehemu yake imo ndani ya sauti ya kila mtu. Ama wote wanarudia, ama kosa linabaki. Bendi zinachagua nyimbo wanazozijua hata usingizini na kuacha mipango ya hatari nyumbani. Mafundi wanaweza kukata tepu na kuunganisha nusu ya jaribio moja na nusu ya jingine, lakini mwendo na umbali visipolingana mshono unaonekana.

Anayetaka kuona kinachotokea masharti hayo yasipofuatwa asikilize Benny Goodman katika Carnegie Hall, 16 Januari 1938. Tamasha hilo lilinaswa hasa kwa maikrofoni iliyoning'inia juu ya jukwaa, na Gene Krupa kwenye ngoma hakumwonea huruma mtu. Ni muziki wa moto, naupenda sana, lakini usitafute besi humo. Toronto, 15 Mei 1953, katika Massey Hall, Charlie Parker, Dizzy Gillespie, Bud Powell na Max Roach walipiga pamoja na Charles Mingus, na besi ya Mingus ilisikika vibaya kwenye kanda hata ikabidi aipige tena studioni na kuibandika juu kabla ya albamu kutoka. Kwa hiyo maikrofoni chache hazileti utulivu zenyewe. Zinamwadhibu asiyetulia, na anayelipa ni mpiga besi.

Kuna upande mbaya wa jambo hili, na wauzaji hawausemi. Albamu zinazopimwa kwa usafi wa sauti zimezaa aina ya jazi isiyomkera mtu yeyote: nyimbo zile zile za zamani, mwendo ule ule, mwimbaji anayenong'ona. Nimezisikia nyingi. Nyingine zina sauti ya dhahabu na muziki wa kusubiria daktari wa meno.

Maandishi ya jaladani

Miaka ya 1960 na 1970 tepu za njia nyingi zilienea na maikrofoni zikaongezeka studioni, moja kwa kila ala, kisha kadhaa kwa ngoma peke yake. Waliorudi kwenye chache walirudi kwa hiari. Anayetajwa zaidi ni Gert Palmcrantz, Mswidi aliyebeba mashine zake za kurekodi za Nagra hadi Stampen, klabu ndogo katika mji mkongwe wa Stockholm iliyowahi kuwa duka la kuweka rehani. Desemba 1976, usiku mbili, alimrekodi Arne Domnérus kwenye saksafoni na klarineti, Bengt Hallberg kwenye piano, Georg Riedel kwenye besi, Egil Johansen kwenye ngoma na Lars Erstrand kwenye vibrafoni, ala ya vibao vya chuma. «Jazz at the Pawnshop» imekuwa albamu ambayo wauza spika wanaipiga mteja akiingia.

Watu huisifu kama albamu ya maikrofoni mbili. Si kweli kabisa. Palmcrantz alikuwa na jozi kuu ya maikrofoni mbele ya bendi, na nyingine za msaada karibu na ala ambazo zingepotea. Jozi kuu ndiyo inayobeba picha. Za msaada zinatia chumvi. Kwangu hilo halipunguzi kitu, maana sikio lake lilijua achukue kidogo kiasi gani. Linapunguza tu hadithi.

Hata maikrofoni moja inaweza kuwa si moja. Cowboy Junkies, ambao si wa jazi ila rekodi yao hutajwa kila mazungumzo haya yanapozuka, walirekodi «The Trinity Session» kanisani Toronto, Novemba 1987, kwa maikrofoni moja ya Calrec. Ndani yake kuna vinasa sauti vinne vinavyoelekea pande tofauti. Na sauti ya Margo Timmins, ndogo na laini, haikuifikia maikrofoni kutoka kinywani mwake: ilitoka kwenye spika ya ukumbini iliyowekwa kati ya ala nyingine. Fundi alihitaji kitufe cha kumpandisha mwimbaji, akakipata kwa kusogeza spika.

Mfano ninaoupenda kuliko wote wa mpango wa Blumlein ni «A Meeting by the River», iliyotoka 1993. Kavi Alexander wa Waterlily Acoustics aliwakalisha Ry Cooder na Vishwa Mohan Bhatt wa India katika kanisa dogo Santa Barbara, California, magitaa mawili ya kuteleza, na ngoma za tabla na dumbeki, mbele ya jozi moja. Walikuwa hawajawahi kupiga pamoja. Kwenye spika mbili nzuri unasikia mmoja anangoja mwenzake amalize kupumua. Todd Garfinkle wa MA Recordings amejenga katalogi nzima kwa jozi ya maikrofoni zinazosikia pande zote, ndani ya kumbi zenye mwangwi mrefu, na ndugu Chesky wa New York wamerekodi jazi nyingi kwa kile kichwa cha sanamu.

Kusikiliza nyumbani kwetu

Kwanza sauti kuwa chini. Muziki wa siku hizi unabanwa: fundi anashusha vilele na kupandisha mabonde hadi wimbo mzima uwe juu muda wote, ushindane na barabara. Albamu za maikrofoni chache kwa kawaida haziguswi hivyo. Mpigo mmoja wa kengele ya ngoma unaweza kuwa na nguvu mara nyingi kuliko besi inayofuata, na ili kilele hicho kisipasuke, wastani wote unakaa chini. Dawa ni kupandisha sauti kwa mkono. Anza na sehemu tulivu, pandisha hadi besi isikike kama iko chumbani, kisha usiguse tena. Bendi ikiamka utashtuka kidogo. Ndivyo ilivyokuwa pale walipokuwa.

Spika zinatakiwa mbili, zilizoachana, na wewe ukae mbele yao umbali unaokaribiana na nafasi iliyo kati yao. Nyumba zetu nyingi zina sakafu ya kigae, kuta tupu na paa la bati, na hiyo inaongeza mwangwi wako juu ya mwangwi wa Stockholm. Zulia mbele ya spika, pazia nzito na viti vya kitambaa vinasaidia kuliko waya za bei. Usiisukumie spika ukutani. Spika ndogo za kompyuta zilizowekwa sawasawa zitakuonyesha picha ambayo radio kubwa ya boksi moja haiwezi kukuonyesha.

Spika za masikioni zinatoa kila kitu waziwazi, ila zinabadilisha mahali. «Way Out West» ya Sonny Rollins, iliyorekodiwa Los Angeles Machi 1957 na Roy DuNann, iliweka saksafoni upande mmoja na besi na ngoma upande mwingine, kama ilivyokuwa desturi sterio ilipokuwa changa. Sebuleni hewa inawakutanisha. Masikioni wanaachana kabisa, na watu wengine hupata kizunguzungu. Kichwa cha sanamu ni kinyume chake, chenyewe kilitengenezewa masikio.

Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, usijaribu muziki huu chini ya bati mchana. Hakuna brashi itakayoshinda hilo. Umeme ukikatika na jenereta za mtaa kuanza kuunguruma, besi inaondoka kwanza, kwa kuwa muungurumo huo uko chini kule kule besi inakokaa. Saa za alfajiri ndizo nzuri, kabla magari ya machimbo hayajaanza, au usiku umeme ukiwepo.

Kwa anayeanza, ningemshauri aanze na «Masanga», mono, kwa spika yoyote, afuate gumba. Kisha Goodman wa 1938, atafute besi na asiipate. Kisha Cooder na Bhatt kwa spika mbili. «Jazz at the Pawnshop» aiweke mwisho, kwa sababu imejaa watu: glasi, minong'ono, makofi yanayoanza kabla noti haijaisha. Ukisikia watu hao wameizunguka bendi, na vibrafoni ikakaa mahali pamoja bila kuyumba, spika zako ziko sawa. Ukisikia vyote vimerundikana katikati, kagua waya za spika kabla ya kuwalaumu Waswidi.